Wanywaji Waliketi, Sisi Tuliloa

Ukifika nchi ya mvinyo nawe hunywi, wenyeji wako watakuonea huruma na kukupeleka bustanini. Ndivyo tulivyofanyiwa Desemba ile, pande za Stellenbosch, Afrika Kusini. Shemeji na wenzake wakashika meza ya kuonjea mvinyo. Mimi nikakabidhiwa Shangazi, mtu wa Pangani asiyeweza kupita kitu bila kukiulizia bei.

Watu huonya sana juu ya mvinyo. Juu ya bustani hakuna anayesema neno. Mnywaji huketi kivulini, akaletewa bilauri na jibini. Mtazama maua hupandishwa vilima, akashushwa ngazi za mawe, akapitishwa kwenye majani yaliyomwagiliwa alfajiri, na viatu vyake vya kutokea vikaanza kulia kwe-kwe kila hatua.

Tulianzia Vergelegen, karibu na Somerset West. Shamba hilo lilikuwa la Willem Adriaan van der Stel, gavana wa Rasi (Cape), aliyelipata mwaka 1700 na kulijenga kwa fahari hata walowezi wenzake wakamshtaki kwa Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, naye akafutwa kazi. Mbele ya nyumba kuna miti mitano ya kafuri iliyopandwa zama zake, ambayo mashina yake hamwezi kuyakumbatia hata mkiwa wawili. Kiongozi wetu, kijana mwenye adabu, akaokota jani, akalifikicha, akampa Shangazi anuse.

Karafuu maiti tupu!

"Inna lillahi! Kafa nani?" Shangazi akaruka nyuma. Kijana, ambaye Kiswahili hakijui, akadhani mama kafurahi, akamjazia majani kiganjani.

"Mtu na akili zake," Shangazi akaninong'oneza, "anapanda vitu vya maiti mlangoni? Ndiyo maana walimfukuza."

Shamba la pili tulikuta waridi mwanzoni mwa kila mstari wa mizabibu. Si pambo tu: tangu zamani wakulima huzitegemea zitangulie kuugua ukungu, ili wapate kuiwahi mizabibu yenyewe. Shangazi akainama kumkagua mgonjwa, ushungi ukanasa kwenye miiba. Wakati nahangaika kuunasua, upepo wa kusini-mashariki ukaingia. Wenyeji huuita Daktari wa Cape, eti hufagia hewa chafu ya mjini. Siku hiyo daktari alikuwa zamu. Alifagia kofia yangu, akaibwaga katikati ya bwawa la mayungiyungi, nami nikakunja suruali mbele ya Wajerumani waliokuwa wakipiga picha za maua na ambao, nina hakika, sasa wana picha zangu. Maji yalikuwa ya magotini kwa mujibu wa mtunza bustani. Magoti ya nani, hakusema.

Kilichomponza Shangazi ni mabata. Kuna mashamba huko yanayofuga bata wa aina ya Indian Runner, wembamba, wanaotembea wima kama chupa, kazi yao kula konokono wanaoharibu mizabibu. Hutoka bandani kwa mamia, wakakimbia kwa pamoja wakipiga kelele. Watalii wote walisogea kando. Shangazi alisimama katikati ya njia akichagua.

"Yule mwenye shingo nyeupe, bei gani?"

"Shangazi, hawa ni wafanyakazi."

"Hata jogoo wangu alikuwa mfanyakazi."

Kundi likampitia kulia na kushoto, wengine juu ya viatu. Akarudi nyuma kuwapisha, akaketi ndani ya mfereji wa kumwagilia. Hakuumia. Aliloa tu, akitoa harufu ya kafuri.

Tulipowarudia kina Shemeji, walikuwa wakavu, wametulia, wanazungusha mvinyo kwenye bilauri, wanasukutua nao mdomo, kisha wanautema kwenye ndoo. Shangazi aliwatazama kwa muda huku akikamua doti ya kanga.

"Wamelipa?" akaniuliza.

"Wamelipa."

"Na wanatema?"

"Wanatema."

"Haya. Niulizie basi na bei ya ndoo."