Pampu Haina Hatia

Mjini hapa kila mtu ni fundi wa gari langu, isipokuwa mafundi. Likikohoa kidogo tu kwenye foleni, muuza mihogo anatoa hukumu kabla sijafungua mlango: "Mzee, safisha kabureta hiyo!" Kabureta ipi? Hii ni Peugeot 404 ya injeksheni, ukoo uleule wa 404 aliyoshindia dereva Bert Shankland Safari Rally mwaka 1966, akarudia mwaka 1967. Kabureta haijawahi kukanyaga humu.

Kijana wa gereji ya kisasa naye huja na kompyuta, akainama chini ya usukani kutafuta pa kuchomeka. "Mzee, tundu liko wapi?" Nimjibu nini? Pampu ya injeksheni ya Kugelfischer haina cha kuungama kwa kompyuta. Inazungushwa na mkanda. Ndani ina pistoni ndogo nne, kila moja na silinda yake, na petroli hupimwa kwa kufuata kasi ya injini na uzito wa mguu wako. Basi.

Kutojua nakusamehe. Nisichosamehe ni bisibisi. Fundi akishaona skrubu za pampu, mkono unamwasha. Moshi mweusi? Anakaza. Gari halivuti? Analegeza. Hakuna anayekumbuka skrubu ilikuwa wapi mwanzo.

Jamani, moshi mweusi wakati injini imeshapata moto, angalieni kwanza kile kidude cha kuongeza petroli asubuhi. Hutegemea joto la injini. Kikikwama, pampu huamini bado ni alfajiri, inaendelea kumwaga petroli nami naendelea kumwaga pesa. Gari likikata pumzi mlimani, tazameni filta, kutu ya tangi na pampu ya umeme inayoleta petroli. Silinda moja ikigoma na plagi ni nzima, hamisheni nozeli yake kwenye silinda ya jirani: ugonjwa ukihama nayo, mwizi kakamatwa. Na vile vifimbo vya akseleta, viungo vikilika, mguu unasema hivi na pampu inasikia vingine.

Kwa hiyo, fundi wangu, anzia tangini, pita kwenye filta, plagi, valvu na vifimbo. Pampu iwe ya mwisho kushtakiwa. Ukija kwangu karibu sana, chai ipo. Bisibisi utaiacha getini.