Karibu Ngoma, Funga Duka

Tangu 2014, Tamasha la Tumaini huwatoa watu Lilongwe, yapata kilomita 40, wakacheze rumba katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Kiingilio hakuna, wageni wengine hulazwa kwenye nyumba za matofali ya udongo za wakimbizi. Lakini ukarimu huu una kwenda, hauna kurudi. Mei 2023, serikali iliwakamata wakimbizi waliokuwa na maduka Lilongwe, ikawarudisha Dzaleka, palipokuwa gereza la rais wa zamani Kamuzu Banda. Kambi iliyokusudiwa watu wapatao 12,000 leo ina zaidi ya 50,000. Opera ya kuchekesha ingetaka nini zaidi? Mkimbizi akiimba ni msanii. Akiuza sukari ni tishio. Waheshimiwa, mkija tamashani tena, wabebeeni wenyeji wenu leseni za biashara.