Sifa za Paa Linalovuja

Mwambao huu umesifiwa bahari yake, minazi yake na warembo wake. Hajatokea hata mmoja wa kulisifia paa la banda la majembe linalovuja. Leo, kwa niaba ya kata ya Mtawanya na wilaya nzima ya Kibiti, nalilipa deni hilo.

Kwanza nasaba. Kwa mama, paa letu ni wa ukoo wa kuti la viungo, lililoshonwa kwa majani ya mnazi wa hapa hapa nyumbani. Kwa baba ni mjukuu wa bati la mikunjo, ambalo Mwingereza Henry Robinson Palmer alilichukulia hataza jijini London mwaka 1829. Lote limebebwa na boriti za mikoko ya delta ya Rufiji, ndugu wa zile zilizopakiwa majahazini zikaenda kuezeka Uarabuni. Mwenye asili kama hiyo hawezi kukaa kimya mvua ikinyesha.

Pili akili. Tundu liko hapa, tone linadondoka kule. Maji huingia penye msumari, hutambaa na papi, huipita ndoo uliyoitega, kisha hutua juu ya mfuko wa salfa ya mikorosho, ule ule uliouhamisha jana usilowe. Salfa ikishaganda, kauombe ugonjwa wa ubwiriunga msamaha.

Tatu elimu. Ni yeye aliyetufundisha kwamba msumari wa bati hupigwa mgongoni mwa mkunjo, si bondeni yanakopita maji. Ametufundisha pia kwamba geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28, hata kama dukani namba kubwa inatamkwa kwa sauti nene. Ada yake ni mbegu za mahindi zilizoota ndani ya gunia.

Nne, huunganisha watu. Bila yeye tungejuaje kama kijiji kina wataalamu wengi hivi? Huyu anasema weka makuti, yana ubaridi. Yule anamjibu kwamba kuti la jikoni hudumu kwa sababu moshi hufukuza wadudu. Bandani nani atayapikia majembe wali? Wa tatu anataka bati, naye anakumbushwa kwamba saa saba mchana humo ndani patakuwa tanuri. Wa nne ana turubai, ila jua limeshalitafuna pembeni. Fundi anapanda, anagonga gonga, anashuka na kusema, "Mzee, hapa tubomoe lote." Yeye anaona paa jipya, mimi naona mbuzi wangu wakipelekwa mnadani.

Tano na kubwa zaidi, lina adabu. Aprili 2024 maji ya Rufiji yalipofurika, yalifunika mashamba Rufiji na Kibiti bila kupiga hodi. Ndiyo maana tangu zamani watu wa bondeni hujenga madungu juu ya nguzo: maji ya chini hayana wa kuongea naye. Maji ya paa huja tone kwa tone, na ukiyafuata na ndoo yanaingia.

Najua watanitajia ufa na ukuta. Methali ile nimeisikia tangu utoto, na humo paa halikutajwa.

Hata hivyo salfa ni fedha, na sifa hazikaushi gunia. Kwa hiyo nimekata shauri: upande wa salfa nitaweka bati geji 28, misumari mgongoni, upande wa majembe makuti ya viungo, yabanane, na mteremko uwe mkali maji yasipate pa kupumzikia. Fundi amekubali bei, kisha akaapa kwamba pale bati na kuti yatakapokutana patavuja tu. Nimemwambia apige kazi. Wataalamu wa kijiji nao wanahitaji pa kukutania masika ijayo.