Mlima Ulioganda Sinkini

Jumamosi usiku, yapata saa tano, niliingia jikoni kuosha mchele wa wageni wa kesho yake. Nikakuta sinki limejaa maji meupe kama tui la pili. Nikatia mkono. Kwenye tundu, chini kabisa, palikuwa na kitu kigumu kama jiwe.

"Baba Zuhura, umemwaga nini humu?"

"Nimenawa mikono tu, Mama Zuhura."

Mikono gani hiyo? Alikuwa ameosha ndoo nzima ya plasta, ile aliyokuwa akijengea vilima vya Taita sebuleni kwetu, hapa Manchester. Plasta haigandi kwa kukauka. Maji ndiyo yanayoigandisha, kwa hiyo kuifuatishia maji mengi bombani hakuizuii kuganda. Nilijua hivyo saa sita usiku, nimeinama chini ya sinki na tochi ya simu mdomoni, na saa saba mchana wa kesho yake akina mama kumi na wawili wa chama changu walikuwa wanakuja kula.

Yote haya yalitokana na klabu. Kila Alhamisi mume wangu huenda kwenye ukumbi wa kanisa, ambako wazee wengi wao wastaafu hujenga reli ndogo. Kila mmoja ana ubao wake, na siku ya maonyesho huziunganisha ziwe njia moja ndefu. Wenzake hujenga stesheni za vijiji vya Uingereza kwa kipimo cha moja kwa 76, juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5. Yeye aliomba kujenga stesheni ya Voi, kwetu Kenya. Reli yetu ya zamani ilikuwa ya upana wa mita moja tu, na kwa kipimo hicho inatoka kama milimita 13; za kununua ni za 12. Ubao wake basi haukuweza kuungana na wa mtu yeyote. Wazee wakampa meza ya peke yake, karibu na mlango. Mmoja wao akajitolea kumtengenezea bodi la injini ya mvuke aina ya Garratt, ya daraja la 59, kwa mashine ya kuchapa plastiki, na hakukubali kulipwa hata senti.

Niseme na la kinu. Udongo wa Voi ni mwekundu, na huku mwekundu ni matofali. Akaokota tofali bovu, akalitwanga katika kinu nilichopewa na mama yangu, akalichekecha kwa chekecheke langu la unga. Nililia siku ile. Nilikisugua kinu kile kwa chumvi na mchele mara nne na bado sikitwangii kitunguu saumu.

Turudi sinkini. Fundi bomba wa Jumapili alitutajia bei ambayo ni matumizi yetu ya wiki mbili. Baba Zuhura akawapigia wenzake wa klabu, nami nikamwambia asiwasumbue wazee wa watu asubuhi yote hiyo. Saa tatu walikuwa mlangoni, watatu, mmoja na mkoba wa spana. Walivua viatu bila kuambiwa. Walikifungua kile kipande cha bomba kilichopinda chini ya sinki, kikatoka kimejaa plasta pomoni, kikatupwa, kikafungwa kipya. Hata saa moja haikupita. Nikawazuia wasiondoke, wakala pilau pamoja na chama changu, magoti yamegusana kwa kuwa ubao wa Voi ulikuwa umechukua nusu ya sebule.

Hapo ndipo klabu mbili zilipokutana. Maonyesho yao ya kila mwaka huchangia nyumba ya kuuguzia wagonjwa wasio na tiba, na meza ya chai ilikuwa haina mtu. Akina mama wakaichukua. Tulikaanga mahamri na viazi karai, vikaisha kabla ya adhuhuri.

Siku mbili kabla ya maonyesho, baba mkwe aliuona ubao kwa simu kutoka Changamwe. Aliingia reli mwaka 1968, akashughulikia moto wa injini zile zile. Alitazama kimya, kisha akasema, "Mwanangu, umeipaka nyeusi. Yetu ilikuwa damu ya mzee." Mume wangu akakesha akiipaka upya.

Siku ya maonyesho mzee mmoja wa Kiingereza mwenye mkongojo alisimama kwenye meza ya Voi muda mrefu. Akasema alikuwa mwanagenzi katika kiwanda cha Beyer Peacock, kule Gorton, mwendo wa dakika chache kwa gari kutoka ukumbini. Injini 34 za daraja la 59 zilitengenezwa huko mwaka 1955 na 1956, kisha zikasafirishwa kwa meli hadi Mombasa. Hazikuweza kutembea kwenye reli kuu za Uingereza, zenye upana wa milimita 1,435. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1966.

Tukampigia baba mkwe. Yule mzee wa mkongojo akashika simu kwa mikono miwili.

"Mwambieni sikuwahi kuiona hata moja ikivuta behewa."

"Mwambieni mimi niliziona," baba mkwe akajibu. "Zilitoka baharini zikapanda mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600, na usiku ulizisikia kabla hujaziona. Mwambieni walijenga vizuri."

Mume wangu alitafsiri mpaka sauti ikamkatika, nikamalizia mimi.

Ubao ungali sebuleni, na plasta sasa huoshewa uani, ndani ya ndoo, ikaachwa igande humo kisha itupwe. Mwenye kuishi Kenya asingoje modeli: namba 5918, Mount Gelai, imo katika Makumbusho ya Reli Nairobi, imepakwa damu ya mzee. Mpeleke mtoto, na kama mtaani kwenu yupo mzee aliyefanya kazi reli, nendeni naye.