Buti Zisilowe

Njia ya Appalachian huko Marekani ina urefu wa kilomita zipatazo 3,500 na hupita majimbo 14. Ilipofika kinamasi cha Pochuck, New Jersey, watembeaji walilazimika kuzunguka kwa barabara ya magari. Wakajitokeza watu wa kujitolea, wasiolipwa hata senti, wakabeba mbao mabegani huku tope likiwavuta miguu. Njia ya mbao juu ya kinamasi ilikamilika mwaka 2002.

Sasa wapitaji wanapita kavukavu, wakilinda buti zao za bei mbaya. Buti zilizotengenezwa kwa ajili ya tope, jamani!

Mlalamishi naye hakosekani: eti mbao zinateleza mvua ikinyesha. Aambiwe nyundo ipo, misumari ipo, karibu Jumamosi, ghafla anakumbuka ana harusi ya binamu.