Niruhusu Pikapu Yangu Iharibikie Mtito Andei

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango la Kenya (KEBS),
Popo Road, Nairobi.

KUH: OMBI LA KUINGIZA NCHINI PIKAPU MOJA, DATSUN 1200, YA MWAKA 1974

Mheshimiwa,

Nakuandikia kama jirani. Ofisi yako iko hatua chache kutoka Mombasa Road, nami niko hatua chache kutoka barabara hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wewe uko mwanzo wake nami niko katikati, hapa Mtito Andei, mahali ambapo mabasi husimama watu wale, wajinyooshe, kisha waondoke. Kwa ujirani huo naomba unisome hadi mwisho kabla hujanikabidhi kwa karani.

Kuna pikapu naitaka. Ni Datsun 1200, ile ambayo Wajapani wenyewe waliiita Sunny Truck. Injini yake ni ya cc 1171, inabeba nusu tani, na usukani uko kulia kama sheria yetu inavyoamuru, jambo ambalo nilidhani lingeipunguzia dhambi. Nissan iliendelea kuiunda Japani hadi 1994, na ndugu yake wa Afrika Kusini, Nissan 1400, alitoka kiwandani hadi 2008. Si gari la ajabu. Wazee wa hapa walipakia ndengu kwenye pikapu za namna hii kabla wewe na mimi hatujajua tofauti ya kilachi na breki.

Najua utakachonijibu, kwa kuwa hunijibu kila mwaka gazetini. Kiwango cha KS 1515:2000 kinasema gari lililotumika lisiingie Kenya likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025 mlango ulikuwa magari ya 2018. Mwaka 2026 ukasogea hadi 2019. Nakipenda kiwango hiki kwa sababu kina ujasiri wa kinabii. Usiku wa kuamkia Januari mosi, wakati sisi wengine tunapiga firimbi makanisani, kundi zima la magari linageuka kuwa hatari kwa taifa. Saa sita kasorobo lilikuwa gari zuri la familia. Saa sita na dakika moja ni chuma chakavu, na likithubutu kutia nanga Mombasa, mwenyewe atabeba gharama ya kulirudisha lilikotoka.

Ila kuna jambo moja linanikosesha usingizi. Zile tarakimu za mwisho za KS 1515 ni mwaka wa kuzaliwa kwake. Kiwango hiki kilizaliwa 2000. Kwa kipimo chake chenyewe, kilipoteza haki ya kuingia nchini Januari mosi 2008. Sisemi kirudishwe. Nasema tu kwamba bado kinafanya kazi vizuri licha ya umri, na hicho ndicho hasa ninachotaka kukuambia kuhusu Datsun.

Usinielewe vibaya. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lililo pale Gigiri, lilieleza katika ripoti yake ya 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje duniani, na takriban asilimia 40 yakaja Afrika. Mengine yalikuwa uchafu wenye magurudumu. Bila kanuni yako tungelifukiwa. Nakushukuru, na shukrani hii haina kejeli ndani yake. Itunze, kwa kuwa ni ya pekee katika barua hii.

Tatizo langu ni kwamba kanuni yako inauliza swali moja tu: ulizaliwa lini? Haiulizi unaumwa wapi. Njoo Jumatano moja usimame kando ya njia ya kwenda Ikutha au Mutomo, uone gari aina ya Probox. Iliingia nchini ikiwa na miaka saba, karatasi zake safi kama shuka la hospitali ya kulipia. Ilipopita langoni mwako hakuna aliyeuliza itaishi vipi. Sasa ina miaka ishirini na kitu. Juu ya paa kuna magunia ya mbaazi na mbuzi wawili waliokata tamaa. Ndani kuna watu ambao hesabu yao hubadilika kila inapokaribia kizuizi cha polisi, na dereva ameketi nusu kiti, nusu nyingine akiwa ameikodisha kwa abiria, kiasi kwamba giya inaingizwa kwa makubaliano. Gari hilo ni halali. Kanuni haikatazi gari kuzeekea Kenya. Inakataza kuja ukiwa umeshazeeka, hata kama uzee wako umetunzwa kuliko ujana wa wengine.

Na sasa tuje kwenye linaloniumiza kama mkazi wa Mtito. Uganda, kwa sheria yake ya 2018, inakubali gari ambalo halijafika miaka 15. Kwa hivyo gari la miaka kumi na tatu linashuka Mombasa likielekea Kampala, linapewa karatasi za kupita, na linapanda na barabara: Mariakani, Voi, Mtito. Linasimama hapa. Dereva anakula chapati na ndengu, anamwagia rejeta maji, anasinzia kidogo kwenye usukani. Moshi wake unaingia puani mwangu bila kuonyesha pasipoti. Kisha linaondoka. Gari hilo linaruhusiwa kufanya kila kitu Mtito Andei isipokuwa kubaki.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo naliwasilisha kwako kwa heshima. Niruhusu niiingize Datsun kama mzigo wa kupita. Sitataja nchi ya mwisho wa safari, kwa kuwa sitaki kusema uongo kwenye fomu ya serikali, nitaandika "mbele". Itoke bandarini ikiwa na muhuri wa kielektroniki, ipite Voi kwa adabu, kisha ifike Mtito iharibike. Iharibike kabisa, iharibike miaka ishirini. Maafisa wakija kuuliza watakuta boneti iko wazi na miguu ya fundi imetokeza chini ya chesisi. Kwenye barabara hii hakuna maelezo yanayoaminika kuliko hayo. Siku za soko itapata nafuu kidogo.

Kama wazo hilo linakukera, ninalo jingine. Tangu 2003 kuna mashindano ya East African Safari Classic Rally, ambapo magari ya enzi za madereva kina Joginder Singh hushuka nchini kutoka Ulaya, hutimua vumbi letu na kurudi kwao yakipigiwa makofi. Sijasikia yakifukuzwa bandarini kwa sababu ya umri. Umri ndio tiketi yao. Basi isajili Datsun yangu kama mshindani. Ukoo inao: kati ya 1970 na 1982 Datsun ilishinda Safari Rally mara saba, tano kati ya hizo ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Yangu haitakimbia. Itashindana polepole, nyumbani hadi sokoni, sokoni hadi nyumbani, ikiwa na mitungi ya maji nyuma, na matokeo yatatangazwa nitakapofariki.

Nimejaribu pia kuitafutia pikapu hii nafasi kwa kutazama serikali yenyewe inavyofanya manunuzi. Mwaka 2020 Shirika la Reli lilileta treni kumi na moja zilizotumika kutoka Uhispania, zilizokuwa zikibeba watu katika kisiwa cha Mallorca tangu miaka ya 1990, ili zibebe watu wa Nairobi. Miaka kadhaa kabla ya hapo Jeshi la Wanahewa lilinunua ndege za kivita aina ya F-5 zilizokuwa zimetumika Jordan, na kiwanda kilichoziunda kilikuwa kimeacha kazi hiyo tangu miaka ya 1980. Kwa hivyo chombo kikongwe kinaweza kuingia kikiwa juu ya reli, na kinaweza kuingia kikiwa angani kwa kasi ya sauti. Kisichoweza kuingia ni chenye matairi manne na kasi ya kilomita sitini. Nikiifungia Datsun mabawa, naomba unijulishe faili itahamia ofisi gani.

Ng'ambo mambo yamekaa kinyume, nami sijui kama nicheke. Marekani, kwa sheria yake ya 1988, humkatalia mtu gari la kigeni lisilofuata viwango vyao vya usalama, lakini likitimiza miaka 25 viwango hivyo havilihusu tena. Uingereza, gari likipita miaka 40 linasamehewa kodi ya barabara na hata ukaguzi wa kila mwaka. Pikapu ninayoitaka inaweza kupokelewa Texas kama mgeni wa heshima na kustaafu Birmingham bila kudaiwa senti. Hapa Mtito, ambako ingefanya kazi, haina pa kukanyaga.

Nisiache kumtaja mwenzako wa kodi pale Times Tower, maana hata ukinifungulia lango yeye yuko mlango wa pili. Ili kukadiria ushuru, maafisa wake hutazama orodha ya bei za magari yakiwa mapya, kisha hupunguza uchakavu kwa kadiri ya umri. Datsun 1200 mpya haiuzwi tena popote duniani, kwa hivyo haina bei. Na kupunguza uchakavu wa gari la kuagizwa kunaishia miaka minane, kwa kuwa baada ya hapo, kwa macho ya serikali, gari ni marehemu. Naomba basi nitozwe kodi ya marehemu. VAT ya asilimia 16 nitalipa. Tozo ya reli iliyoanza 2013 nitalipa nikitabasamu, kwa sababu reli ya kisasa ina stesheni hapa kwetu, na treni ya kaunti kwa kaunti ni kati ya vitu vichache vinavyosimama Mtito kwa hiari yao. Bomba la mafuta limekuwa likipita hapa tangu 1978 bila hata kutusalimu.

Utauliza, mbona ung'ang'anie kikongwe hiki wakati yapo magari ya 2019 yanayong'aa? Nimewahi kuona gari kama hilo limekwama jua la saa saba, hapa karibu na lango la Tsavo Magharibi. Taa ya manjano iliwaka kwenye dashibodi, gari likakataa kwenda. Fundi wetu, mtu aliyewahi kuunga ekseli ya lori kwa moto wa makaa, alilizunguka mara mbili kama mkwe aliyenyimwa chai. Akasema linahitaji kompyuta, na kompyuta iko Nairobi. Gari likapandishwa juu ya lori likaenda kuonana na kompyuta. Datsun inahitaji spana ya kumi, spana ya kumi na mbili, bisibisi na mtu asiye na haraka. Kabureta yake unaifungua ukaitandaza juu ya gunia, ukaisafisha, ukairudisha kabla ndengu hazijaiva. Mafundi wa namna hiyo bado wako hapa. Wanazeeka nao, lakini kwa bahati nzuri walisajiliwa ndani ya nchi.

Sikuombi ufungue lango lote. Weka daraja la magari ya kale. Sema lazima yawe yamepita miaka thelathini, ili asipatikane mjanja wa kupenyeza matatu ya mwaka 2012. Sema mtu mmoja, gari moja, lisikodishwe wala kubeba abiria kwa nauli. Kisha likague kweli: kutu, breki, moshi, chesisi, usukani. Wakaguzi unao, tena huko huko Japani, ambao kazi yao ni kuchungulia magari kabla hayajapanda meli. Likifeli, libaki Nagoya likafie huko, nami nitaandika barua ya rambirambi. Ninachokataa ni kufelishwa kabla ya boneti kufunguliwa.

Ukiridhika, sina haraka ya cheti. Pikapu imesubiri nusu karne. Ila usivuke Januari kabla hujanijibu, nisije nikaambiwa kwamba katika kusubiri imezeeka zaidi. Barua usiitume kwa posta. Mpe utingo wa basi lolote la Mombasa, andika "Mtito" juu ya bahasha, na mwambie aiache kwenye hoteli wanapokula. Akikuomba ya chai, mwonyeshe kitambulisho chako cha kazi, pengine atakupunguzia.

Wako katika viwango,
Mkazi wa Mtito Andei, Kaunti ya Makueni.

Nakala: Kamishna wa Forodha (kwa ajili ya kodi ya marehemu), Jeshi la Wanahewa (endapo yatahitajika mabawa), fundi wetu (aanze kutafuta spana ya kumi, ile ya zamani iliibwa).