Shangazi Aenda Kukatwa Tumbo, Mtaa Wamfungia Mahamri

Hospitali ya Mumbai ilimtumia orodha ya vitu vya kuja navyo, na orodha yenyewe haikujaza hata ukurasa: pasipoti, majibu ya vipimo, dawa anazomeza kila siku, nguo pana, ndara zisizoteleza. Basi. Watu wa nyumbani kwa Shangazi, Mji wa Kale, Mombasa, waliisoma kwa zamu, wakaigeuza kutazama nyuma, kisha wakakubaliana kwamba hawa Wahindi wamesahau chakula.

Tumwite Shangazi tu. Jina analo na mtaa mzima unalijua, ila mwanamke anayekwenda kupunguzwa tumbo ng'ambo ana haki ya kusitiriwa, hasa kwa vile nusu ya mtaa ilishaambiwa kwamba anakwenda kutibiwa magoti.

Alichokwenda kufanyiwa ni hiki. Daktari hutoboa matundu madogo kwenye ngozi ya tumbo, hupuliza ndani hewa ya kaboni dioksidi ili apate nafasi, huingiza kamera na vyombo vyake, kisha hukata na kutoa nje kiasi cha asilimia 80 ya mfuko wa chakula. Kinachobaki ni kijimfuko chembamba chenye umbo la ndizi. Kipande kinachotolewa ndicho kinachotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, kwa hiyo haipungui nafasi peke yake, hata hamu nayo hushuka. Shangazi, kwa maneno mengine, alikuwa anakwenda kununua kushiba. Na jamaa zake, kwa mapenzi, wakawa wanamfungia safari ya mtu anayekwenda kwenye njaa.

Sifa za kukatwa alikuwa nazo. Kilo 118, urefu mita 1.60: gawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 46. Kanuni hiyo ilitungwa na Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mtu wa hisabati na nyota wala si daktari. Tangu 1991 mpaka uliotumiwa Marekani ulikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vikaushusha hadi 35 kwa yeyote. Shangazi alipita kwa kipimo cha zamani na kwa kipya. Alisema ndio mtihani wa kwanza maishani mwake aliopasi bila kufungua daftari.

Nairobi nako wapo madaktari wanaoifanya kazi hii, na alishawaona. Lakini Nairobi hufikiwa kwa treni na watu wenye sufuria. Alichofuata Mumbai, ukimwuliza faraghani, ni ile bahari itakayokuwa katikati.

Viza ya matibabu ya India huombwa kwa mtandao, ni ya siku 60, na mgonjwa mmoja huruhusiwa wasindikizaji wasiozidi wawili, kila mmoja na viza yake. Wawili! Kwa ukoo unaomsindikiza mtu feri ya Likoni kwa matatu nzima, hilo lilikuwa karibu na tusi. Kaka yake akaidai nafasi kwa hoja kwamba anajua Kihindi. Alipohojiwa ikabainika anajua nyimbo za sinema, na kwamba shabaha yake hasa ni kusimama Jumapili nje ya nyumba ya Amitabh Bachchan, mtaa wa Juhu. Mwisho nafasi ilimwangukia mke wa kaka huyo huyo, kwa sababu mbili: nauli ilitosha mtu mmoja, na wifi ndiye mtu pekee mjini aliyewahi kumwambia Shangazi "hapana" na wakaendelea kusalimiana.

Viza kwa wagonjwa wa namna hii imewahi kuwa jambo zito kweli. Mwaka 2016 Eman Ahmed Abd El Aty wa Alexandria, Misri, aliyetajwa kuwa na uzito wa takriban kilo 500, alikwama kwa kuwa hakuweza kufika ubalozini mwenyewe. Daktari wake wa Mumbai, Muffazal Lakdawala, akamwandikia hadharani, kwenye Twitter, waziri wa mambo ya nje wa India, Sushma Swaraj, na viza ikatoka. Februari 2017 akasafirishwa kwa ndege ya mizigo, kitanda chake kikainuliwa kwa kreni. Machi akafanyiwa upasuaji huu huu. Alifariki Abu Dhabi Septemba mwaka huo. Shangazi aliifuata habari ile kwenye runinga, na kilichomkaa rohoni si kilo, ni kreni. Akaapa kwamba yeye ataondoka angali anazipanda ngazi za ndege kwa miguu yake.

Kisha ikaja kadi ya manjano. India haina utani na homa ya manjano: anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, Kenya ikiwemo, asipokuwa na cheti huweza kutengwa hadi siku sita. Shangazi alichanjwa mapema, maana chanjo huhesabika siku 10 baada ya sindano. Wifi alikuwa na kadi yake tangu alipokwenda Hija, na kadi ilisema wazi kwamba muda wake umekwisha. Nyumba ikapigwa butwaa. Kaka, bila kusema neno, akaonekana ananyoosha shati. Ndipo mhudumu wa afya alipowaeleza kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata zile kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10. Shati likarudi kabatini.

Majaribu makubwa zaidi yalikuwa ya wiki mbili za mwisho. Mgonjwa hutakiwa kula kidogo mno kabla ya upasuaji, wanga na mafuta kwa mbali, na sababu yake ni ini. Kwa mtu mnene ini hujaa mafuta likatanuka, na upande wake wa kushoto hulalia juu ya tumbo la chakula, pale pale daktari anapotaka kupita. Ukila kimaskini kwa wiki mbili, ini hunywea na kuinuliwa kwa urahisi. Ni mantiki safi. Ila wiki hizo zilidondokea Mfungo Mosi, mwezi ambao Mombasa nzima huoza na kuozwa. Shangazi alialikwa kwenye harusi asizoweza kuzikataa, akakaa mbele ya masinia ya biriani na chupa yake ya maji na vipande vya tango. Shoga zake walipomwuliza kulikoni, akajibu, "Ini." Wakampa pole nyingi, wakaenda kueneza kwamba bibi wa watu ana homa ya ini. Magoti yakasahauliwa.

Sasa sanduku.

Dada yake alileta mahamri, kwa sababu mahamri hayakosi. Jirani alileta kachiri na achari ya embe. Mtu akaleta sambusa mbichi za kwenda kukaangwa huko huko, na mwingine kopo la bizari, iliyonunuliwa kwa mfanyabiashara wa Marikiti ambaye naye huiagiza India. Bizari hiyo ilikuwa inarudi kwao kwa gharama ya Shangazi. Ikaja halua. Akaja papa mkavu, amefungwa kwa karatasi tatu na bado anajitambulisha. Kila aliyeleta alisema maneno yale yale: "Si za kula sasa, ni za baada ya kukatwa." Wifi alijaribu kueleza kwamba baada ya kukatwa ni maji ya kunywea kikombe cha dawa, kisha supu iliyochujwa, kisha vitu vilivyosagwa, kwa wiki kadhaa. Wakamsikiliza kwa adabu, wakaongeza kashata.

Sanduku lilipelekwa Kongowea kwa muuza vitunguu, ambaye mizani yake inaaminika. Kilo 31. Ndege iliruhusu 23. Mwenye mizani, kijana mcheshi, akamkaribisha Shangazi naye apande, "tujue jumla, mama." Jicho alilotazamwa nalo lilimfanya apunguze bei ya vitunguu bila kuombwa.

Kijana hakujua kwamba wapo waliokwisha kulifanya hilo kazini. Samoa Air iliwahi kutoza nauli kwa kilo, mtu na mzigo wake pamoja. Mwaka 2023 Air New Zealand iliwapima abiria waliojitolea kwa ajili ya hesabu za uzito wa ndege, lakini kwa staha: namba haikuonyeshwa hata kwa anayepimwa. Wifi aliona mtindo wa Samoa ndio wenye haki, kwa kuwa Shangazi angelipa nyingi akienda na chache akirudi. Hesabu hiyo ina kasoro. Mtu hatoki hospitalini mwembamba; anatoka na mwili ule ule, umechoka, na upungufu mkubwa huja kwa miezi, hadi mwaka na zaidi. Mpwa wake wa kike, ambaye naye hakulijua hili, alikwisha kupakia suruali mbili za jinzi za kurudia, za saizi ambayo Shangazi aliiaga akiwa darasa la nane. Zikatolewa. Yakabaki madera, vazi pekee la pwani lisilojali mtu yuko kilo ngapi.

Blenda ilizua mjadala mrefu. Ikabebwa, kwa hoja nzuri kabisa kwamba chakula kitasagwa. Iliyosahauliwa ni plagi: ya Kenya ina meno matatu bapa, tundu la ukutani la India linataka meno ya mviringo. Blenda ilisafiri maelfu ya kilomita kwenda kutazama ukuta.

Uwanja wa ndege ulikuwa na lake. Wifi, kuokoa nafasi, alikuwa ameumimina unga wa protini kutoka kopo lake lenye maandishi hadi kwenye mifuko midogo isiyo na maandishi yoyote, akaifunga kwa utepe vizuri, akaitia kwenye mkoba wa mkononi. Unga ulikuwa mweupe. Askari aliuinua mmoja juu ya mwanga.

"Mama, hii nini?"

"Unga tu, mwanangu," akajibu Shangazi kwa sauti ya sokoni.

Mstari mzima ukanyamaza. Watu wawili waliokuwa nyuma yao wakakumbuka mstari mwingine. Ilibidi itolewe barua ya hospitali, na risiti ya duka la dawa, na hatimaye wifi mwenyewe aulambe unga ule mbele ya askari watatu, ladha ya vanila, ndipo wakapita.

Ndani ya ndege Shangazi alimnong'oneza mhudumu kwamba angependa mkanda wa nyongeza, ule wa kuurefusha mkanda wa kiti. Mhudumu hakusikia vizuri. Wifi akasaidia kutafsiri, na abiria wa safu sita mbele wakageuka kuona. Mguuni alikuwa na soksi za kubana, za kuzuia damu isigande, hatari ambayo huwa kubwa zaidi kwa mtu mnene anayekaa kitako saa nyingi na zaidi bado baada ya upasuaji. Kuzivaa kulihitaji watu wawili na choo cha uwanja wa ndege. Kuzivua, alisema, angemwachia daktari afanye pamoja na kazi nyingine.

Asubuhi ya upasuaji ikajulikana gharama ya zile harusi. Muuguzi alimbana kidoleni kile kifaa cha kupimia oksijeni na mashine ikaandika vistari. Kidole cha pili, vistari. Kifaa hicho hupenyeza mwanga kwenye ngozi kusoma damu, na Shangazi alikuwa amepakwa piko nyeusi hadi kwenye ncha za vidole, kazi safi ya Mfungo Mosi, na rangi nyeusi huuziba mwanga ule. Kikahamishiwa kwenye ndewe ya sikio, ikabidi kwanza vivuliwe vipuli. Bangili zilitoka kwa sabuni na dua.

Alipozinduka, tumbo lilimuuma kwa kiasi, ila bega lilimuuma kweli. Ndiyo tabia ya ile hewa ya kaboni dioksidi: mabaki yake huchokoza kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na maumivu hujitokeza begani. Shangazi hakuwa na habari hizo. "Nimekubali mnikate tumbo," alimwambia daktari kwa Kiingereza cha shule ya msingi. "Bega mmelifanyaje?" Dawa yake ilikuwa kutembea ukumbini, jioni ile ile, wifi akimshika mkono na kumhesabia milango.

Katika mzigo wote ule, vilivyofanya kazi vilikuwa vichache: mafuta ya midomo, tasbihi, dera, na leso mbili. Leso moja ilikunjwa mara nne na kushikiliwa tumboni kila alipotaka kukohoa, na wauguzi wakaisifu kuliko mito yao. Maji aliyanywa kwa kikombe cha mililita 30, funda dogo, atulie, funda dogo, na kila akimaliza alidai ameshiba kwa sauti ya mtu anayeripoti wizi. Simu za nyumbani zilimwamsha usiku wa manane, kwani hakuna aliyekumbuka kwamba Mumbai iko mbele kwa saa mbili na nusu. Wote waliuliza swali moja: mahamri umeyala?

Mahamri yalikuwa yameliwa. Wifi alipanga chumba ng'ambo ya barabara, chenye jiko, na hakulelewa kuona neema ikiharibika. Alianza na sambusa, kwa kuwa ndizo zingewahi kuchacha. Akapita kwenye kachiri na kashata. Papa alimpika usiku madirisha yakiwa wazi, na mwenye nyumba akaja kubisha hodi, akaondoka na kibakuli. Halua aliimaliza wakati Shangazi yuko kwenye chumba cha upasuaji. Alikuwa na wasiwasi, na kila mtu na namna yake.

Siku ya kuruhusiwa, mtaalamu wa lishe alikuja na mizani, akampima Shangazi, akaandika, akamweleza habari za vitamini ambazo sasa ni za maisha. Wifi, kwa mzaha tu, akapanda baada yake. Akaitazama namba. Akashuka, akavua ndara, akapanda tena. Kisha akamwuliza muuguzi, kwa upole usiokuwa kawaida yake, kama viza ya msindikizaji yaweza kugeuzwa kuwa ya mgonjwa hapo hapo Mumbai, au ni mpaka mtu arudi kwao kwanza. Shangazi alitaka kucheka, mishono ikamkataza. Akaomba ile leso.